Shajara ya mradi: macho ya Mwanga na ukuta wa kontena

Jumamosi, wiki ya kwanza ya likizo

Mradi huu si wangu. Ni wa mpwa wangu wa kike, aliyemaliza mtihani wa kidato cha pili majuzi na sasa anashinda nyumbani Chumbageni, Tanga, akichora katuni kwenye kaunta buku. Shujaa wake ni msichana anayeitwa Mwanga, ambaye macho yake hutoa mwale unaokata chuma. Ukurasa wa 6 ni usiku, bandarini. Watu wamefungiwa ndani ya kontena. Mwanga anautazama ukuta, anauzungusha mwale kama anayechora mlango, kipande kinaanguka. Picha moja tu, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu: "Sekunde 3!"

Nikamwuliza hizo tatu amezitoa wapi.

"Mjomba, hii ni katuni."

"Najua ni katuni. Tatu umezitoa wapi?"

"Basi zipigie hesabu wewe, si ndiyo kazi yako?"

Nafundisha fizikia, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia.

Mama yangu, yaani bibi yake, ana kesi nyingine kabisa na hadithi hii. "Mtoto wa kike umwite Mwanga? Hapa Tanga?" Kwake yeye mwanga si nuru. Mwanga ni yule anayetembea usiku akiwanga kwenye milango ya watu. Mpwa wangu amegoma kubadilisha jina. Kesi hiyo nimewaachia wenyewe.

Jumapili

Mtaa wa pili kuna duka ndani ya kontena la futi 20. Mwenye duka alishalikata dirisha zamani, kwa hiyo ukingo wa chuma uko wazi. Nimeupima kwa vernia sehemu nne: kati ya milimita 1.9 na 2.1, rangi ikiwemo. Nachukua 2. (Nilitegemea ukuta mnene zaidi. Kontena linabeba mzigo kwa nguzo zake za pembeni, ukuta ni bati lililokunjwakunjwa tu.)

Mlango aliouchora Mwanga una urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 80. Mzunguko wake ni mita 5.2. Upana wa mkato tumekubaliana milimita 2, baada ya mabishano, maana yeye alitaka mstari mnene unaoonekana vizuri kwenye karatasi.

Ujazo wa chuma kinachopaswa kuondoka: 5,200 × 2 × 2, sawa na milimita za ujazo 20,800, yaani sentimita za ujazo 20.8. Kwa densiti ya gramu 7.85, tunapata gramu 163. Mlango mzima unagharimu chuma chenye uzito wa ndizi moja na maganda yake. Hilo lilitushangaza wote wawili.

Halafu hesabu ya kidato: uwezo joto mahususi wa chuma (joto la kupandisha kilo moja kwa nyuzi moja) ni juli 450 kwa kilo kwa nyuzi. Kutoka nyuzi 30 za usiku wa Tanga hadi 1,520 hivi ambapo chuma cha kawaida huyeyuka, ongeza joto fiche la kuyeyuka, lile linaloyeyusha bila kupandisha nyuzi, kilojuli 247 kwa kilo. Jumla kilojuli 917 kwa kilo. Kwa gramu zetu 163, kilojuli 150. Kwa sekunde 3, kilowati 50.

Mpwa wangu akaiandika 50 kwenye jalada na kuizungushia duara. Nikamwambia asizungushie kwanza. Ile 450 inanikera. Ni namba ya chuma baridi, na sisi tunaibeba hadi nyuzi 1,500 kana kwamba chuma hakibadiliki njiani.

Jumanne

Tumeanza na jaribio la shuleni. Kipande cha chuma cha gramu 500 kwenye sufuria ya maji yanayochemka, robo saa, kisha haraka ndani ya maji nusu lita yenye nyuzi 28. Raha ya kuishi Tanga ni kwamba tuko usawa wa bahari, maji yanapochemka 100 ni 100 kweli, huhitaji kusahihisha kama wenzetu wa Lushoto. Maji yalipanda hadi 34.6. Ukirudi nyuma kwa hesabu, uwezo joto unatoka 424. Iko chini ya kitabu kwa sababu chuma kilipoa kidogo hewani na ndoo nayo ilikula sehemu yake. Kwa sufuria ya jikoni sijasikitika.

Jumatano

Leo ndiyo siku niliyoifurahia kuliko zote.

Tulikwenda kwa fundi mmoja Ngamiani, zile barabara za namba, mzee anayechomelea mageti na bado ana kiriba na makaa kwa kazi za kufua. Fuawe lake ni kipande cha reli. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, kwa hiyo mji huu haukosi reli chakavu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mwalimu, leo umeleta mwanafunzi au mteja?"

Tulichotaka ni kupima joto lililomo ndani ya chuma chekundu. Shida ni kujua nyuzi zake bila kifaa cha bei mbaya. Ujanja ni sumaku: chuma kikifika nyuzi 770 kinaacha kuvutwa na sumaku. Tulikuwa na sumaku ya spika ya redio mbovu, tumeifunga kwenye waya mrefu. Fundi akaiweka bolti ya gramu 200 kwenye makaa, mpwa wangu akavuta kiriba, mimi nikawa naigusisha sumaku. Inanasa. Inanasa. Inanasa kwa uvivu. Haikunasa. Fundi akaidaka kwa koleo na kuitosa kwenye ndoo yenye lita 2 za maji.

Sauti yake, mvuke wake, na binti yule anaruka nyuma akicheka. Maji yalitoka 28 yakafika 38.

Lita 2 kwa nyuzi 10 ni kilojuli 84. Gawa kwa kilo 0.2: kilojuli 420 kwa kila kilo ya chuma. Sasa, kama ile 450 ingekuwa kweli njia nzima, kushuka kutoka 770 hadi 38 kungetoa kilojuli 329 tu. Tumepata 420, na hiyo ni baada ya kupoteza mvuke tuliouona kwa macho yetu ukiondoka na joto lake. Wastani wetu ni juli 574 kwa nyuzi. Chuma kadiri kinavyopata moto ndivyo kinavyokuwa mlafi wa joto, na karibu na zile nyuzi 770, pale sumaku inapokataa, ulafi wake unapanda ghafla.

Majedwali ya wataalamu yanasema vivyo hivyo: kukitoa chuma kwenye joto la kawaida hadi kiyeyuke kabisa kunahitaji karibu megajuli 1.3 kwa kilo. Namba yangu ya Jumapili ilikuwa pungufu kwa karibu theluthi. Sahihisho: kilojuli 212, sekunde 3, kilowati 71.

Kwa hesabu ya chakula hizo kilojuli 212 ni kalori 50 hivi, nusu ya ndizi. Mpwa wangu alitaka Mwanga awe anazimia kwa njaa kila akikata kitu. Nikamwambia nishati si tatizo lake, tatizo ni kuitoa yote kwa sekunde tatu kupitia matundu mawili ya milimita chache. Akaandika "nusu ndizi" kisha akaifuta.

Alhamisi

Tulirudi kwa fundi kumwonyesha hesabu. Alisikiliza hadi mwisho, akiwa anafuta miwani yake ya kazi, kisha akauliza: "Hicho chuma kikishayeyuka kinakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Hesabu yangu ilikuwa imekiyeyusha na kukisahau hapohapo.

Akatuonyesha. Akawasha mtungi wa gesi na wa oksijeni, akaupasha ukingo wa bamba la milimita 6 hadi ukawaka wekundu mkali, na hapo bamba bado ni bamba, halijakatika popote. Kisha akabonyeza kile kishikio cha oksijeni. Cheche zikamwagika chini kama mchanga na mkato ukaanza kutembea. "Moto unabisha hodi tu," alisema. "Anayekula chuma ni oksijeni, na anayekitoa nje ni upepo wake." Alipozima akageuza bamba, chini yake kumening'inia mavi ya chuma, yale mabonge meusi unayoyapiga nyundo yakatoka.

Maneno ya fundi yana namba nyuma yake. Chuma kikiungua kwenye oksijeni hutoa karibu megajuli 6.7 kwa kilo, mara tano ya zile 1.3 zinazohitajika kukiyeyusha. Ndiyo maana inatosha kukipasha hadi nyuzi 900 hivi, kazi iliyobaki chuma kinajifanyia chenyewe. Ndiyo maana pia, kama anavyolalamika, stenlesi haikubali: kutu yake ya kromiamu inagoma kuyeyuka na kuziba njia.

Laser za kukatia zilipita njia hiihii. Laser ya kwanza kabisa iliwashwa na Theodore Maiman, Marekani, mwaka 1960, na watu wa enzi hizo walikuwa wakipima nguvu zake kwa utani, kwa idadi ya nyembe ambazo mwale unatoboa. Kipimo wakakiita Gillette. Kutoboa wembe ni kitu kimoja, kukata bamba ni kingine. Mwaka 1967, Uingereza, Peter Houldcroft ndiye aliyepuliza oksijeni sambamba na mwale, na hapo bati la milimita 1 likakatika vizuri. Mwale pamoja na upepo. Mwanga wetu ana mwale tu.

Bila upepo, chuma kilichoyeyuka hakidondoki kwa hiari. Mvuto wa uso wake ni kama mara 25 ya ule wa maji. Kinang'ang'ania kwenye mfereji wake, mwale ukipita kinaganda tena nyuma yake. Utakuwa umechora mstari mzuri wa kuchomelea, na kontena limebaki zima.

Binti alinyamaza njia nzima ya kurudi, anasukuma baiskeli badala ya kuipanda.

Ijumaa usiku

Nimeamka na kosa jingine, baya zaidi.

Mita 5.2 kwa sekunde 3 ni mita 1.7 kila sekunde. Mwale wenye upana wa milimita 2 unakaa juu ya sehemu moja kwa sehemu moja tu ya elfu ya sekunde, au zaidi kidogo. Je, joto linawahi kufika upande wa pili wa bati? Chuma cha kawaida husambaza joto kwa kama milimita za mraba 13 kwa sekunde. Kwa kanuni ya haraka (mraba wa unene, gawa kwa mara nne ya usambaaji), milimita 2 zinahitaji sekunde 0.077. Sisi tunalipa hiyo sehemu moja ya elfu. Ndani ya muda huo joto limezama robo ya milimita tu. Uso wa bati utachemka na kuruka huku nyuma yake bado baridi, mtu wa ndani anaweza kuliegemea.

Njia ni mbili. Ya kwanza, Mwanga ang'ang'anie sekunde 3 na achimbe chuma kwa kukigeuza mvuke, safu kwa safu. Hapo bei inapanda: kukipeleka chuma hadi kuchemka, nyuzi 2,862, na kukigeuza mvuke chote ni karibu megajuli 8.5 kwa kilo. Gramu 163 zinakuwa megajuli 1.4, yaani kilowati 460. Uzuri wake ni kwamba mvuke unapotoka kwa kishindo unakifukuza na kile kilichoyeyuka, kwa hiyo swali la fundi linajibika na bei halisi inashuka kiasi. Njia ya pili, aende polepole. Milimita 26 kwa sekunde, ukuta mzima dakika 3 na sekunde 20.

Nimeangalia pia macho yenyewe. Mboni yenye kipenyo cha milimita 4 ina eneo la milimita za mraba 12.6. Ukipitisha kilowati 230 kwenye kila jicho, kila mita ya mraba ya mboni inatoa mara 290 ya kile kinachotoka kwenye uso wa jua. Ukienda polepole, kilowati 1 ya hesabu, nikiongeza inayovuja pembeni na inayorudishwa na chuma kama kioo, nasema 3 kwa jumla. Hapo kila jicho ni kama mara mbili ya uso wa jua. Kilowati 3 ni pasi tatu za umeme. Naweza kulala na hiyo.

Na kitu ambacho sikukitafuta: mwale unaotoka kwenye tundu la milimita 4 hauwezi kukusanywa uwe mwembamba upendavyo, mawimbi ya mwanga yenyewe yanakataa. Kwa mwale wenye urefu wa wimbi wa mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), ukitaka nukta ya milimita 2 usisimame mbali zaidi ya mita 3 hivi. Kwenye ukurasa wa 6 Mwanga yuko juu ya winchi.

Jumamosi

Nimempa habari zote mbili. Sekunde 3 hazikumuuma kama winchi. "Kwa hiyo ashuke?" Ashuke.

Kisha nikamletea hesabu ya kichwa. Tuseme mwili wa Mwanga unabadili chakula kuwa mwale kwa ufanisi wa misuli, robo. Kwa kila juli inayotoka machoni, tatu zinabaki kichwani. Kwenye njia ya dakika tatu, kilowati 3 kwa sekunde 200 ni kilojuli 600 nje na 1,800 ndani. Kichwa cha kilo 4.5 kingepanda nyuzi zaidi ya 100. Akaniangalia kama anavyoniangalia bibi yake nikisema sukari imepanda bei. "Mjomba, hapo ndipo katuni inapoanza." Sawa. Kichwa nimekifuta kwenye orodha.

Jumatatu

Fundi tena. Amelisikia suluhisho la dakika tatu, akatafakari, akasema: "Binti, kontena linafungwa kwa nje. Kwa nini asikate kufuli?"

Nikapiga hesabu hapohapo kwenye kifuniko cha boksi la vijiti vya kuchomelea. Shingo ya kufuli ya milimita 10, mkato wa milimita 2: chuma gramu 1.2, kilojuli 1.6. Birika la umeme hutumia zaidi ya hizo kwa sekunde moja. Mara 130 chini ya ukuta. Nilicheka peke yangu.

Mpwa wangu hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema: "Bandarini wanayapanga mlango kwa mlango. La mbele limeubana mlango wa letu, haufunguki hata ukikata kufuli kumi. Ndiyo maana ukuta."

Fundi akapiga makofi mara moja. Sijui kama alilijua hilo tangu mwanzo au alilitunga akiwa amesimama pale, na sitamwuliza.

Limebaki suala la upepo. Pumzi ya mdomo ina oksijeni asilimia 16 hivi, na msukumo wake ni mdogo. Sonara hupulizia mrija kwenye dhahabu, lakini dhahabu ya pete si bati la kontena. Fundi alitaka kompresa. Binti akatazama nje, pale ilipoegemea baiskeli yake. Pampu. Hewa ya kawaida, oksijeni asilimia 21, msukumo mara nyingi ya mapafu, na katika mji huu hakuna nyumba isiyokuwa nayo. Upepo wake si mwingi, itabidi anayeipiga apige kama anayejaza tairi la lori, lakini kwa bati la milimita 2 na mwale unaotembea polepole nimeipitisha. Mlinzi wa bandari ndiye atakayeisukuma, na kwa kuwa kazi ni ya dakika tatu, wanapata muda wa kugombana. Kurasa mbili za maneno alizokuwa hana pa kuziweka zimepata nafasi.

Alhamisi

Ukurasa wa 6 sasa ni kurasa 6 hadi 9. Fundi alikuwa ameacha onyo moja: upepo ukivuma kwenda ndani, mavi ya chuma yanaruka ndani, na waliofungiwa ndio watakaoungua. Kwa hiyo lazima wasogee mwisho wa kontena, mita karibu 6, kabla Mwanga hajafumbua macho. Tulihangaika jinsi ya kuwasogeza. Kupiga kelele kungeamsha bandari nzima.

Jana usiku alinionyesha alivyolimaliza. Picha ya kwanza, mkono unagonga ukuta. Hodi. Picha ya pili, giza la ndani, macho mengi, sauti moja: "Nani?" Picha ya tatu, Mwanga amesogeza mdomo kwenye bati, ananong'ona: "Mimi Mwanga."

Picha ya nne, watu wote wamerundikana kwenye ukuta wa mwisho kabisa, wanasoma dua.

Bibi yake ameitazama hiyo ya nne kwa muda mrefu, ameomba miwani, ameitazama tena. Kesi ya jina imefutwa.